Mkulima Aliyepiga Picha za Theluji

Litajwapo neno madini, mawazo ya watu wengi huenda kwenye dhahabu ya Kakamega, magadi ya Ziwa Magadi, au vito vya kijani vya Taita. Ni wachache wanaojua kwamba wataalamu wa mawe huihesabu barafu nayo kuwa madini, kwa sababu hutokea yenyewe bila kutengenezwa na mtu, ni ngumu, na chembe zake ndogo zimejipanga kwa utaratibu mmoja usiobadilika. Tofauti yake na madini mengine ni kwamba haiwekeki. Mwenye kukusanya mawe huyatia sandukuni akayatazama tena baada ya miaka kumi. Mwenye kukusanya theluji hana hata dakika tano. Basi atakaye mkusanyo wa chembe za theluji hana njia ila kamera, na habari za mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka arobaini zafaa kujulikana na kila mkulima na karani apendaye kupiga picha.

Jina lake ni Wilson Bentley, naye alizaliwa mwaka 1865 katika kijiji cha Jericho, jimbo la Vermont, kaskazini ya Marekani. (Huo si mji wa Yeriko wa Biblia, wala si mtaa wa Jericho wa Nairobi.) Nchi hiyo ni ya vilima na baridi kali, na theluji huifunika miezi mingi. Wazazi wake walikuwa wakulima wenye ng'ombe wa maziwa. Mama yake, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuolewa, ndiye aliyemfundisha nyumbani mpaka alipofika miaka kumi na minne. Naye ndiye aliyempa hadubini ya zamani, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo. Kijana akatazama kwa hadubini hiyo matone ya maji, vipande vya mawe, unyoya wa ndege na maua ya shambani kwao. Hata siku moja akatazama chembe ya theluji, na tangu siku hiyo vitu vingine vyote vikawa vya pili.

Kwanza alijaribu kuchora kwa mkono yale aliyoyaona. Chembe zikayeyuka kabla mchoro haujakwisha. Ndipo akasikia kwamba kamera yaweza kufungwa pamoja na hadubini. Baba yake aliona mambo hayo kuwa upuuzi mtupu, lakini mama alimsihi mumewe mpaka akakubali, na vyombo vikanunuliwa kwa dola 100 hivi, fedha ambazo kwa mkulima wa wakati ule hazikuwa haba. Baada ya kushindwa mara nyingi, tarehe 15 Januari 1885 Bwana Bentley alipata picha safi ya chembe moja ya theluji. Alikuwa hajatimiza miaka ishirini. Kamera hiyo hiyo aliitumia mpaka mwisho wa maisha yake.

Namna alivyofanya kazi yastahili kuelezwa kwa urefu, kwa maana siri yake haikuwa katika ubora wa vyombo. Alifanya kazi katika banda lisilo na moto, lenye baridi sawa na ya nje. Theluji ilipoanza kuanguka alitoka na ubao uliopakwa rangi nyeusi, akaukinga hewani kwa nukta chache, akarudi bandani. Kwenye ule weusi chembe zilionekana vizuri. Zile asizozitaka alizipangusa kwa unyoya. Akiona moja iliyo nzuri aliiinua kwa ncha ya kijiti chembamba, akaiweka juu ya kipande cha kioo na kuilaza kwa upole kwa unyoya ule ule. Muda wote huo alivaa glavu na kuzuia pumzi, kwa kuwa pumzi moja ya mtu yatosha kuigeuza chembe kuwa tone la maji. Hakutumia taa. Aliielekeza kamera dirishani, na mwanga wa mbingu ukapita katika chembe yenyewe na kuonyesha kila mstari uliomo ndani. Kisha alisubiri kwa nukta nyingi bila kutikisika mpaka sahani ya kioo yenye dawa ipate picha.

Kwa njia hiyo alipata zaidi ya picha 5,000. Zote zilionyesha jambo moja ambalo mtaalamu wa nyota Johannes Kepler alikwisha kuliandikia kitabu kidogo mwaka 1611, yaani kwamba theluji ina pembe sita. Si tano, wala si nane. Leo yajulikana kwamba sababu yake ni jinsi chembe za maji zisizoonekana zinavyoshikana zinapoganda. Lakini juu ya sita hizo kila chembe hujipambia kwa namna yake, na Bwana Bentley hakupata hata mara moja kuona mbili zilizo sawa kabisa.

Watu wa kijijini kwao hawakuvutwa sana. Katika mwaka 1925 alimweleza mwandishi mmoja wa gazeti kwamba siku moja alitangaza mkutano wa bure ili awaonyeshe jirani zake picha zake ukutani kwa taa, na usiku ule, ijapokuwa hali ya hewa ilikuwa njema, walikuja watu sita tu. Wala hakutajirika. Nakala ya picha aliiuza kwa senti tano kwa shule, kwa sonara na kwa wachoraji wa nakshi za vitambaa. Naye alikadiria kwamba kazi hiyo ilimla dola 15,000 na kumrudishia dola 4,000 tu. Ng'ombe ndio waliomlisha. Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila mtu anayedhani kwamba kupiga picha za mawe na maua kutamlipia karo za watoto.

Wataalamu walimjua kabla ya jirani. Profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Vermont, George Perkins, alimsaidia kuandika makala yake ya kwanza, iliyotokea mwaka 1898. Lakini pamoja na sifa yakaja mashutumu, na shutuma moja ilikuwa nzito. Katika picha za Bwana Bentley chembe huonekana nyeupe juu ya weusi mtupu, kama nyota usiku. Kamera yake haikutoa picha za namna hiyo. Yeye alichukua nakala ya sahani ya kioo, na kwa ncha ya kisu akaikwangua dawa yote iliyozunguka umbo la chembe, kazi iliyomgharimu saa nyingi. Gustav Hellmann, bingwa wa hali ya hewa wa Berlin, ambaye naye alikuwa na picha za theluji zilizopigwa na daktari Richard Neuhauss, aliandika kwamba kwa kukwangua huko umbo la kweli huharibiwa. Bwana Bentley alijibu kwamba yeye ataka picha zifanane na maumbile kuliko kitu kingine chochote, na kukwangua kunasaidia chembe kuonekana kama ilivyo.

Katika shauri hili haki yaelekea kuwa upande wa mkulima. Sahani ya asili aliiweka kama ilivyokuwa, na njia yake hakumficha mtu. Kisu hakikumdanganya yeyote. Kosa, kama lilikuwako, lilikuwa mahali pengine kabisa, nalo ni ule unyoya. Chembe zilizovunjika, zilizopinda, zilizogandamana au kukosa pembe alizipangusa ubaoni, akahifadhi zilizo nzuri, na hakuna aliyeona kazi ya unyoya huo katika kitabu. Mtu atazamaye picha zake maelfu huamini kwamba theluji yote huanguka ikiwa kama nyota zilizochongwa na fundi. Sivyo. Theluji iliyo nyingi ni mbaya wa sura.

Aliyelisahihisha jambo hili alikuwa mtu wa Japani, Ukichiro Nakaya. Alipopelekwa kufundisha katika chuo kikuu cha Hokkaido, kaskazini ya nchi yake, hakukuta vyombo vya ile elimu aliyosomea. Kilichokuwako kwa wingi ni theluji. Kitabu cha Bwana Bentley kikamtia hamu. Yeye alipiga picha 3,000 hivi, nzuri na mbaya pamoja, akazipanga kwa jinsi zake, akaandika na hali ya hewa. Tarehe 12 Machi 1936 akafaulu kuotesha chembe ya theluji katika chumba cha baridi, kwenye ncha ya unywele wa sungura, akaonyesha kwamba umbo hutegemea kiasi cha baridi na unyevu wa hewa. Tangu hapo mtu aliweza kuitazama chembe iliyoanguka na kukisia hali ya hewa ilivyo juu mawinguni ilikotoka. Elimu hiyo isingalipatikana kwa kutazama nzuri peke yake.

Hata hivyo haifai kumdhania Bwana Bentley kuwa mpenda urembo tu. Katika miezi isiyo na theluji alipiga picha za umande juu ya utando wa buibui na za sakitu madirishani, na tena alifanya kazi moja isiyohitaji kamera. Alitaka kujua ukubwa wa matone ya mvua. Akajaza unga wa ngano uliochekechwa katika sinia, kina cha inchi moja, akalikinga mvuani kwa nukta chache. Kila tone likafanya kidonge cha unga. Vidonge vikakauka, akavipima. Ili ajue kidonge fulani ni tone la kiasi gani, alidondosha matone aliyoyajua kipimo katika unga huo huo. Tangu 1898 hata 1904 alipata vipimo 344. Mwaka 1943 wataalamu wawili wa hifadhi ya udongo huko Marekani, Laws na Parsons, walitumia njia hiyo ya unga kupima matone ya mvua, kwa kuwa tone kubwa huupiga udongo kwa nguvu na kuulegeza hata uchukuliwe na maji. Mkulima yeyote mwenye shamba la mteremko anajua maana ya habari hiyo.

Mwezi wa Novemba 1931 kitabu chake kilitoka, chenye picha zaidi ya 2,400, pamoja na maelezo ya William Humphreys wa idara ya hali ya hewa ya Marekani. Majuma machache baadaye Bwana Bentley alitembea maili sita katika tufani ya theluji kurudi nyumbani, akashikwa na kichomi, akafa tarehe 23 Desemba.

Huku Kenya theluji iko juu ya Mlima Kenya tu, na si kila mtu awezaye kuipanda. Lakini mambo ya pembe sita hayako mbali. Yale mawe meupe yapitishayo mwanga kama kioo, yaonekanayo Ukambani na Taita, yakiwa mazima huwa na pande sita, na pembe kati ya ubavu na ubavu hazibadiliki, jiwe liwe dogo kama kidole au kubwa kama mkono. Mwenye kamera, hata ile iliyomo katika simu, aweza kulithibitisha jambo hilo mwenyewe kwa kulipiga jiwe picha kutoka kichwani, kisha kupima pembe kwenye karatasi. Na apige picha pia yale yaliyovunjika na yaliyochafuka kwa udongo wa mahali yalipotoka, maana udongo huo ni sehemu ya habari zake.

Jiwe jeusi la Naivasha, ambalo watu wa kale walichongea visu, husumbua kwa sababu hung'aa kama chupa na kurudisha jua machoni. Halitaki jua la saa sita. Liwekwe kivulini asubuhi juu ya kitambaa cheupe, mwanga uje kwa ubavu, na upande wa pili isimamishwe karatasi nyeupe ili kurudisha mwanga kidogo. Jiwe jeupe ndilo litakalo kitambaa cheusi, kama ule ubao wa Bwana Bentley. Kando ya kila jiwe iwekwe rula au sarafu, kwa kuwa picha isiyo na kipimo haiwezi kumwambia mtu kama lile ni jiwe au ni jabali. Katika mbuga za taifa, ambamo sheria haimruhusu mtu kuchukua jiwe, picha ndiyo njia pekee ya kuwa nalo, na yatosha.

Kwa wakulima wa Kericho na Nandi, ambako mvua ya mawe hupiga chai mara nyingi, liko jambo jingine la kujaribu. Jiwe moja la mvua likikatwa katikati mara moja kwa kisu kilichopozwa huonyesha mizunguko kama ya kitunguu, mweupe na mwangavu kwa zamu, nayo yaonyesha jinsi lilivyokua tabaka juu ya tabaka kule mawinguni. Ni kazi ya watu wawili, mmoja akate na mwingine awe tayari na kamera. Tarehe na saa ziandikwe papo hapo, na majani yaliyochanika yapigwe picha siku ile ile.

Na huko Kinangop, kamera ya kupigia picha sakitu juu ya majani ya viazi sharti itayarishwe jioni. Jua likishapanda juu ya ua, majani huwa yamelowa maji tu.