Kiraka chini ya injini

Jumamosi iliyopita niliamua kubadilisha oili ya gari mwenyewe. Nilidhani ni kazi ya nusu saa: fungua nati ya chini, mwaga, badilisha filta, jaza. Wapi!

Nati ilipotoka nilikuta imezungushiwa ile tepu nyeupe ya mafundi wa mabomba. Kumbe meno yake yamelika! Kuna aliyeikaza kupita kiasi, kisha akaficha. Filta nayo ilitoka bila mpira wake. Mpira ulibaki umeng'ang'ania injini. Ningefunga filta mpya juu yake, mipira 2 isingekaa sawa, oili ingefyatuka kwa presha na injini ingeniulia barabarani, watoto wakiwa ndani.

Sisi waandishi wa programu tunaijua tabia hii. Unarithi kazi ya mwenzako, unakuta kiraka kisicho na maelezo. Simlaumu fundi kwa kuweka kiraka. Hata mimi nimeviweka, saa nane za usiku, mteja akingoja. Ninachomlaumu ni kunyamaza. Kadi ya sevisi ina kilomita tu. Angeongeza mstari mmoja, "nati imelika meno", ningenunua nyingine mapema.

Kwangu mimi, kazi ambayo kasoro zake hazijaandikwa haijaisha. Kwa bahati tundu lenyewe lilikuwa zima. Nimeweka nati mpya na washa yake, nikaandika kwenye kadi. Jumatatu nilianza kuandika maelezo ya viraka vyangu kazini. Si vichache! Je, wewe umeacha vingapi?