Kodi Iliyopokelewa Mapema Bado ni Deni



Magomvi mengi yanayoletwa mbele ya kamati za Haki na Amani mijini hayahusu mashamba wala mirathi, bali chumba. Mpangaji amelipa na paa linavuja. Mwenye nyumba anadai na mlango umefungwa. Mara nyingi wote wawili ni wanajumuiya ndogondogo moja.

Tusidhani kwamba kila mwenye nyumba ni tajiri. Huko Manzese, Buguruni au Temeke, jijini Dar es Salaam, mara nyingi ni mjane, au mstaafu aliyejenga kwa mafao yake: vyumba sita, vitatu kila upande wa korido, choo na bafu uani. Hulala katika kimoja na kupangisha vitano.

Shida huanzia katika desturi ya kupokea kodi ya miezi sita, au hata ya mwaka mzima, kwa mkupuo. Siku anapoishika fedha hiyo, mwenye nyumba huiona ni yake yote. Hulipa ada za watoto, huhudumia msiba, ikaisha. Mahitaji hayo ni ya kweli, nasi hatuyabezi. Lakini mpangaji amelipia miezi sita ya paa lisilovuja na choo kisichofurika. Fedha ile, ingawa imo mkononi, ni deni linalolipwa kidogo kidogo kila mwezi. Aliyepokea Januari hukutwa na masika ya Machi mfuko ukiwa mtupu, shimo la choo limejaa, na kodi nyingine haiji hadi Julai. Ndipo wengine hutapisha choo usiku mvua inaponyesha, uchafu ukateremka kwa jirani. Tendo hilo tunalikemea bila kumung'unya maneno: ni kumpelekea jirani kipindupindu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme kila chumba ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Vyumba vitano kwa miezi sita ni 1,500,000. Akitenga sehemu moja ya kumi siku ile ile, kabla ndugu hawajapata habari, anazo 150,000 katika chama cha akiba. Hazitajenga choo kipya, lakini zitabadili bati lililotoboka na kuziba ufa. Methali ya ufa na ukuta tunaijua sote. Anayeitengea fungu ni nadra.

Umeme unahitaji uangalifu zaidi. Waya zilizotandazwa kwa ajili ya taa sasa zinabeba pasi, majiko na majokofu ya vyumba sita, kwa LUKU moja. Kumwita fundi asiye na leseni kwa kuwa ni rahisi ni kuhatarisha uhai wa watoto waliolala. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, humwagiza ajengaye nyumba aweke ukingo darini, asije akabeba hatia ya damu ya atakayeanguka. Waya uliochubuka ni dari isiyo na ukingo.

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na wengi wakadhani hakuna tena linalombana mwenye nyumba. Sivyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 humtaka anayepangisha sehemu ya jengo atunze paa, kuta kuu na mifereji mikuu. Mpangaji naye alipe kwa wakati na asiharibu. Akishindwa kulipa, kumng'olea mlango au kumkatia maji ni kujichukulia sheria mkononi. Baraza la Kata lipo kwa usuluhishi.

Tunaziomba kamati za parokia ziandae karatasi moja ya mkataba, kwa Kiswahili chepesi. Iandikwe kodi na tarehe zake, nani hulipia kunyonya choo, LUKU inagawanywaje, na chumba kilikuwa katika hali gani siku ya kuingia. Nakala ziwe mbili, na shahidi awe mtu ambaye pande zote mbili zinamheshimu.