Mzee Akibatizwa Texas

Mzee wa miaka sabini na ushei, aliyelelewa chuoni na msikitini huko Kwale, anabatizwa Fort Worth katika kanisa la mwanawe. Picha inatumwa kwenye kikundi cha ukoo. Kabla jua halijatua, upande mmoja umeshaandika "Bwana asifiwe", na upande wa pili unauliza ni nani aliyemlazimisha. Mzee mwenyewe hakuna anayempigia simu.

Imani ya moyoni sina mizani ya kuipimia, wala hao wanaobishana hawana. Kinachoweza kupimwa ni kimoja: je, mzee huyu angeweza kusema hapana, na kesho yake akaendelea kuishi kama jana?

Historia yetu inalijua swali hili. Aprili 1899 Waingereza waliwakamata wafalme Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda, wakawahamishia Ushelisheli. Wote wawili walibatizwa huko ugenini: Mwanga akaitwa Danieli, Kabalega akaitwa Yohana. Mwanga ndiye yule yule ambaye katika utawala wake Wakristo walichomwa moto Namugongo mwaka 1886. Alifia visiwani mwaka 1903. Kabalega alifia Jinja mwaka 1923, akiwa njiani kurudi kwao. Ilikuwa toba, upweke, au hesabu ya mfungwa anayetamani kurudishwa nyumbani? Yawezekana yote matatu. Ugeni humlainisha mtu moyo, na humfungia milango pia.

Ugeni wa Texas una kiyoyozi na friji iliyojaa, lakini milango yake ni michache. Raia wa Marekani aliyetimiza miaka 21 anaweza kumwombea mzazi wake ukaazi wa kudumu bila kungoja mgao wa viza. Naye hutia saini ya kumtunza, kwa kuwa misaada mingi ya serikali kuu haimfikii mgeni wa namna hiyo kwa miaka ya mwanzo. Basi chumba, dawa, simu na nauli vyote vinatoka mkono mmoja. Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu.

Halafu kuna barabara. Arlington, mji wa watu karibu 400,000 katikati ya Dallas na Fort Worth, hauna mabasi ya kawaida ya njia maalumu. Abiria huagiza gari dogo kwa simu. Misikiti ipo, na mikubwa: Richardson, Plano, na kule Houston iko mingi. Lakini msikiti ulio maili ishirini, kwa mtu asiyeendesha gari wala kujua Kiingereza, uko mbali kama Makka. Jumapili nyumba nzima inaondoka kwenda ibadani. Huko kuna nyimbo za Kiswahili, kuna pilau baada ya ibada, na vijana wanamwinamia kumpa shikamoo aliyoikosa wiki nzima. Siiti hiyo shuruti. Watu wameingia dini zote kwa kufuata waliowapenda, na ndugu wanaolalamika kutoka Kwale wajiulize kama kuna Mwislamu yeyote Texas waliyemwomba ampitie mzee wao siku ya Ijumaa.

Wapo watakaosema umri hauruhusu kungoja, na kwamba mzee si mtoto. Kweli, na wengine wamengoja kuliko tunavyojua. Mwaka 1888 maaskofu wa Anglikana waliokutana Lambeth waliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Ilichukua miaka mia moja, na juhudi za Askofu David Gitari wa Kenya, kwa mkutano wa 1988 kumfungulia mlango pamoja na wake zake na watoto wake. Babu aliyezuiwa kwa sababu hiyo, akabatizwa akiwa na mvi, hajageuka uzeeni. Ni kanisa lililochelewa.

Hata hivyo, kwa mzee anayelishwa na aliyemwalika, napenda mwendo wa Wakatoliki: mafundisho ya miezi, na kwa kawaida ubatizo mkesha wa Pasaka. Yapo makanisa yanayombatiza mtu Jumapili ile ile aliyoinua mkono. Kwa kijana sina neno. Kwa mzee ambaye mkalimani wake ni mwanawe, na mwanawe ndiye mwenye nyumba, haraka hiyo inatia shaka hata pasipo na hila.

Athari zake hazibaki Texas. Katiba ya Kenya, ibara ya 170, inaipa Mahakama ya Kadhi mambo ya ndoa, talaka na mirathi pale tu wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kushitakiana hapo. Maji ya Fort Worth yanaweza kubadilisha mahakama itakayogawa minazi ya Kwale. Na maziko? Wakenya wanakumbuka kesi ya wakili S.M. Otieno. Alifariki Desemba 1986, mjane wake Wambui akadai mumewe aliishi Kikristo na azikwe Matasia. Ukoo wake wa Umira Kager ukashinda mahakamani, akazikwa kwao Nyalgunga Mei 1987, baada ya miezi mitano. Sheria ya Texas inampa kila mtu nafasi ya kuandika na kusaini ni nani atakayeamua maziko yake. Asipoandika, haki hiyo ni ya mwenzi wake wa ndoa, kisha ya watoto wake watu wazima. Katika nyumba nyingi, huyo ni yule yule aliyempeleka kanisani.

Kwa hiyo, mchungaji, zungumza na mzee kwa lugha yake, mwanawe akiwa nje. Nawe mtoto, mwulize baba kama anataka kwenda msikitini Ijumaa hii, na akitaka, mwendeshe mwenyewe, umngoje, umrudishe, na chakula cha jioni kiwe kile kile. Karatasi ya maziko aijaze kwa hiari yake. Baada ya hayo akiwa bado anataka ubatizo, abatizwe, na ndugu wa Kwale wamwachie dini yake.