Mchungaji, Foreksi ni Dhambi?



Swali hili limeingia kwenye simu yangu mara nyingi, kwa hiyo leo nalijibu mbele ya wote. Hapana, kununua na kuuza sarafu si dhambi. Meza za wabadili fedha Yesu alizipindua kwa sababu ya mahali zilipokuwa na unyang'anyi uliokuwa ukifanyika pale. Mama anayevuka Busia na mzigo wake hubadilisha shilingi za Kenya kwa za Uganda kila juma, na hatujawahi kumwita mbele ya wazee wa kanisa.

Lakini hilo ndilo swali rahisi. Gumu ni lile ambalo hamniulizi: hiyo pesa unayoiweka huko ni ya nani?

Nauliza kwa sababu wanaobisha mlango wa ofisi hawaji na ushuhuda wa faida. Wanakuja wakati karo ya muhula imeyeyuka ndani ya simu, mke hajui, na mkopo uliochukuliwa kufidia hasara ya kwanza umeshazaa hasara ya pili. Kijana mmoja aliweka pesa ya chama ambayo ilikuwa zamu ya mtu mwingine kupokea. Nimeomba naye, na nitaendelea kuomba naye. Lakini nimemwambia wazi kwamba sitaombea bei ya euro ipande. Roho Mtakatifu hajanionyesha euro inaelekea wapi, na anayekwambia ameonyeshwa, mwogope.

Kuna wanaonijibu kwa mfano wa talanta, Mathayo 25. "Mchungaji, yule aliyefukia alikemewa." Kweli kabisa. Ila soma mstari wa 19 polepole. Yule bwana alikawia sana kabla ya kurudi kufanya hesabu na watumwa wake. Talanta tano hazikuzaa nyingine tano kati ya Jumatatu na Jumatano. Tena kila mmoja alipewa kwa kadiri ya uwezo wake. Hakuna aliyepewa moja akaambiwa azungushe mia nne.

Na mia nne siitaji ovyo. Wengi wenu mnaanza bila kuelewa kitu kinachoitwa levareji, kwa hiyo wacha niseme kwa lugha ya nyumbani: ni deni. Kuna broka wanaokupa hadi mara 400. Unaweka dola 100, unashika biashara ya dola 40,000. Tamu, sivyo? Sasa piga hesabu. Bei ikienda kinyume chako kwa robo ya asilimia moja tu, umepoteza dola 100, yaani zote. Euro na dola zinaweza kutembea umbali huo kati ya kiamsha kinywa na chai ya saa nne. Mithali 22:7 inasema aliyekopa ni mtumwa wa nani, na sidhani Sulemani aliwatoa wanaokopa kwa kubonyeza skrini.

Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya iliweka kikomo cha mara 30 kwa sarafu kubwa, kwa watu wa kawaida. Ilikuwa imegundua kwamba katika biashara za aina hii, akaunti kati ya 74 na 89 katika kila 100 hupoteza pesa. Hao ni watu wenye umeme usiopotea na intaneti ya kasi.

Na msinieleze kwamba ninyi mnajua shilingi yetu. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160, na nilisikia watu wazima wakisema itafika 200. Wengine walikimbia kununua dola. Kufikia Aprili ilikuwa karibu 130. Waliokuwa na uhakika zaidi ndio walioumia zaidi.

Sasa twende jikoni kidogo, kwa sababu huko ndiko ninakoelewa jambo hili vizuri.

Akina mama wa idara ya ukarimu hututengenezea traifo ya stroberi tukiwa na wageni. Mmeiona, ile bakuli ya kioo yenye tabaka tabaka. Inaonekana rahisi mpaka uijaribu. Stroberi za Limuru unaziosha zikiwa na vikonyo vyake, maana ukivitoa kwanza zinakunywa maji. Unazikausha, unazikata, unanyunyiza vijiko viwili vya sukari na kuziacha nusu saa hivi. Usiziguse. Zitatoa mchuzi wake zenyewe. Chini ya bakuli unapanga vipande vya keki, na keki ya jana ni nzuri kuliko ya leo kwa sababu inafyonza bila kuvunjika. Mchuzi wa stroberi unamwagiwa hapo, kisha stroberi, kisha kastadi.

Hapo kwenye kastadi ndipo watu wengi huharibu. Kastadi ikiwa moto na ukaweka krimu juu yake, krimu inayeyuka, tabaka zinaingiliana, na bakuli zima linakuwa uji wa waridi. Hakuna maombi ya kuitenganisha tena. Kastadi lazima ipoe kabisa. Krimu nayo ipigwe ikiwa baridi, ndiyo inasimama. Halafu bakuli linakaa kwenye friji saa nne au usiku kucha, na hiyo sehemu ya kungoja ndiyo inayowashinda wapishi wapya.

Anayeanza foreksi kwa pesa ya karo anaweka krimu juu ya kastadi ya moto. Ile keki ya chini haipo. Keki ni kodi ya nyumba iliyolipwa, ni akiba ya miezi kadhaa kwenye Sacco, ni deni lililomalizwa, ni mke au mume anayejua kila kitu. Kama hayo hayapo, wewe si mwanabiashara wa sarafu bado, hata ukiwa na skrini tatu.

Na kama yapo? Basi anza kidogo, mpendwa. Akaunti ya demo kwa miezi mitatu, na kila biashara uandike kwenye daftari: kwa nini uliingia, kwa nini ulitoka. Demo ina udhaifu wake, kwa kuwa haiumi, na pesa halisi ndiyo inayofichua tamaa. Kwa hiyo ukihamia pesa halisi, iwe kiasi ambacho kikipotea nyumba yako haitajua. Tuseme 20,000. Usihatarishe zaidi ya moja kwa mia katika biashara moja, yaani shilingi 200. Mtacheka. Lakini ukikosea mara kumi mfululizo bado una zaidi ya 18,000 na akili yako timamu. Anayehatarisha 20 kwa mia akikosea mara tano tu anabaki na kama 6,500, na atahitaji kuizidisha mara tatu ndipo arudi alipoanzia. Hapo ndipo watu huanza kukopa.

Weka agizo la kusimamisha hasara kabla hujaingia, si baada ya kuanza kutokwa jasho. Na hata hilo si ukuta. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuizuia faranga yake isipande, bei ikaruka, na maagizo mengi yakatekelezwa mbali sana na pale yalipowekwa. Wengine waliamka wakidaiwa na broka. Siku Marekani inapotangaza takwimu za ajira, mara nyingi Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa tisa na nusu au saa kumi na nusu alasiri yetu, anayejifunza akae kando atazame.

Broka naye, hakikisha ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Orodha iko wazi kwenye tovuti yao. Anayekuomba umtumie pesa kwa M-Pesa "akufanyie biashara" anahitaji leseni pia, hata kama anaongoza sifa Jumapili.

Hapo niseme kama mchungaji wenu. Makundi yetu ya WhatsApp ya maombi hayatauza signali, hayataandikisha wanachama wa akaunti za mtu, na hakuna picha za faida kabla ya neno la asubuhi. Dada anayetafuta nguvu ya kumuuguza mamake asikutane na picha ya gari la kukodi. Nimewaambia viongozi wa seli waondoe, na wakiondoa msiwalaumu, mnilaumu mimi.

Kama tayari umezama, usijifiche. Mwambie mke wako leo, kabla ya mwenye mkopo kumwambia. Kisha njoo tuone tutalipaje kidogo kidogo.

Ijumaa baada ya ibada ya jioni tutakaa na vijana ukumbini. Leteni madaftari yenu, hata kama yamejaa hasara tupu. Traifo itakuwepo. Mama Mchungaji anaitengeneza Alhamisi usiku, na friji ya ofisi itafungwa kwa ufunguo.