Helmeti si ya polisi, ni ya ukiwa na miaka 70

Manze, simama steji ya Nyamasaria saa moja asubuhi uangalie boda. Helmeti ziko, lakini nyingi zimening'inia kwa usukani. Na abiria akipewa yake anakunja pua: "Hiyo inanuka, na nimesukwa jana."

Naelewa. Lakini kuna sababu moja ya kuivaa ambayo pengine hujawahi ambiwa, na haihusu kufa. Inahusu kusahau.

Mzee akianza kupotea njia ya kwenda kwake, ama kuchanganya majina ya watoto wake, sisi husema ni uzee tu, ama amerogwa. Yote mawili si kweli. Hiyo inaweza kuwa dimenshia, na inatokana na magonjwa ya ubongo.

Watafiti walifuatilia wazee Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Matokeo yakatoka 2001: kwa mwaka, visa vipya vya Ibadan vilikuwa chini ya nusu ya vile vya Indianapolis. Na hawa wote wana asili ya Afrika. Kama ingekuwa ni uzee na damu pekee, si wangekaribiana? Kwa hivyo unavyoishi kunahesabika.

Mwaka wa 2024 jopo la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari. Yakidhibitiwa yote, karibu asilimia 45 ya visa duniani vinaweza kuzuiwa ama kucheleweshwa. Presha iko hapo, sukari, sigara, pombe nyingi, masikio kuharibika. Na kuumia kichwa. Sasa rudi stejini: matatu inatetemesha viti kwa muziki, boda inapita na vichwa viwili wazi. Hiyo orodha tunaishi nayo.

Utaniambia, "Niko na miaka 19, hiyo ni ya akina dani." Hapana. Ubongo utakaotumia ukiwa na 70 ni huo huo umeupandisha boda leo. Ukigonga lami, kidonda cha nje kitapona. Kilichoumia ndani kinaweza kukudai miaka mingi baadaye.

Beba kitambaa chako, funika nywele, vaa helmeti. Na wewe wa boda, ioshe, uianike juani, abiria akose kisingizio.

Harufu utaivumilia dakika kumi. Kusahau jina la mtoto wako hakuna dakika kumi.