Dorotea Maana Yake Nini?



Hapa kwetu Kasulu na Kibondo wako akina mama na wasichana wanaoitwa Dorotea. Huenda wewe mwenyewe una binti wa jina hilo. Je, unajua maana yake?

Dorotea ni jina lililotoka kwa Wagiriki. Limeundwa kwa maneno mawili. Doron ni zawadi. Theos ni Mungu. Basi, Dorotea ni Zawadi ya Mungu. Ukianza na Mungu, ukamalizia na zawadi, unapata Theodori, jina la mwanamume. Maana ni ile ile.

Lilifikaje Buha? Wakristo wa kale walimheshimu Mtakatifu Dorotea wa Kaisaria, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Mapadre Weupe walifika Ujiji mwaka 1879. Baadaye misheni zilijengwa huku milimani, kama ile ya Kabanga. Watu walipobatizwa, walipewa majina ya watakatifu.

Wako wanaosema kwamba jina la ubatizo ndilo jina hasa, na jina la Kiha ni la kuitia mtoto nyumbani tu. Mimi sikubali. Tazama jina Hakizimana, ambalo husikika hapa na kwa jirani zetu wa Burundi. Imana ni Mungu. Jina lote linasema: Mungu ndiye anayeponya. Wagiriki walimtaja Mungu kwa lugha yao. Wazee wetu walimtaja kwa lugha yao. Lipi ni duni?

Wengine husema tuyatupe majina yote ya kigeni. Hilo nalo si sawa. Bibi aliyeitwa Dorotea tangu utoto, jina hilo ni lake. Jambo baya ni kumpa mtoto jina usilolijua maana, na kuliacha jina la ukoo lipotee.

Sasa unajua kusoma na kuandika. Chukua daftari. Andika majina yote ya binti yako, maana ya kila jina, na tarehe aliyozaliwa. Kisha soma kadi yake ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na rejista ya shule. Kama kimoja kinasema Dorotea, kingine Dorothea, na kingine Doroteya, nenda ukaombe yasahihishwe mapema. Tofauti ya herufi moja inaweza kumsumbua siku atakapotafuta kazi.