Maji Yasiyomwagika Yapewe Samaki

Mtu akinunua kiwanja Bunju, Mabwepande, Chamazi au Toangoma, mara nyingi shimo la maji hutangulia msingi. Mafundi hulichimba, hulitandika turubai au nailoni nzito, boza huja kulijaza, na maji yake hutumika kuchanganyia zege na kumwagilia matofali. Fedha zikikatika ujenzi husimama, mafundi huenda zao, shimo hubaki. Masika hulijaza upya bila gharama. Wiki moja baadaye, anayeinama juu ya maji yale huona vijidudu vyembamba vikijinyonganyonga: kivuli kikipita huzama chini, kikiondoka hupanda tena kuvuta hewa. Hao ni viluwiluwi vya mbu. Kwa joto la Dar es Salaam, yai lililotagwa Jumatatu linaweza kuwa mbu anayeruka kabla ya Jumatano ya wiki inayofuata.

Hali si nzuri zaidi kwa waliokwisha kuhamia. Mbezi Beach na Mbweni kuna mabwawa ya bustani yenye yungiyungi, na mabwawa ya kuogelea ambayo hayajaogelewa tangu wenye nyumba waliposafiri. Mbagala na Charambe kuna visima vifupi visivyofunikwa, makaro ya kukingia maji ya mvua na mabirika ya kunyweshea ng'ombe. Maji ya bomba hayatoki kila siku kila mahali, kwa hiyo haiwezekani kumwambia mwananchi aache kuweka akiba. Ndiyo maana wito wa kila mwaka wa kufukia madimbwi huishia nusu ya njia. Dimbwi la barabarani litafukiwa. Maji aliyoyanunua mtu kwa fedha yake hatayamwaga.

Kwa maji ya namna hiyo ipo dawa rahisi ambayo wakazi wa pembezoni mwa jiji wameipuuza kwa muda mrefu, nayo ni samaki. Kila bwawa, karo au shimo lisilofunikika na lisilomwagika liwe na samaki wanaokula viluwiluwi, na mwenye kulitunza awe mwenye kiwanja mwenyewe, asingoje bwana afya.

Kwa nini mwenye kiwanja? Jiji la Dar es Salaam lina ushahidi wake wa nyumbani. Mwaka 2004 ulianzishwa mradi wa kudhibiti malaria mjini uliozishirikisha manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Wakazi wa kawaida walichaguliwa kupitia serikali za mitaa, kila mmoja akapewa eneo lake la mashina ya nyumba kumi kumi, kazi yake ikawa kuyazungukia mazalia ya mbu kila wiki. Machi 2006 unyunyiziaji wa viuadudu vya kibaiolojia ulianza katika kata tatu, Buguruni, Kurasini na Mikocheni, na baadaye ukaenezwa hadi kata 15. Watafiti walipopima matokeo walikuta kwamba palipopulizwa, uwezekano wa mtu kukutwa na vimelea vya malaria ulikuwa umepungua kwa kiasi cha asilimia 21. Hayo ni mafanikio makubwa kwa kazi iliyofanywa na watu wenye ndoo na mikebe.

Lakini watafiti waliona pia palipovuja. Wakaguzi waliyakosa mazalia mengi, na yaliyokuwa nyuma ya uzio yalikosekana zaidi. Mlinzi hafungui geti, mbwa wanabweka, mwenye nyumba yuko kazini hadi usiku. Tangu wakati huo jiji limepanuka mno kuelekea Bunju na Chamazi, na kuta za viwanja zimezidi kurefuka. Bwawa lililo ndani ya uzio linamhitaji mtu aliye ndani ya uzio.

Dawa nayo haidumu. Mwaka 2015 kilizinduliwa Kibaha, kilometa chache tu kutoka Dar es Salaam, kiwanda cha viuadudu vya kuua viluwiluwi kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba, na mwaka 2017 Rais Magufuli alipokitembelea aliziagiza halmashauri zikanunue dawa hiyo. Agizo lilikuwa la haki na kiwanda kile ni cha kujivunia. Hata hivyo dawa ya aina hii hurudiwa tena na tena, kila mara kwa gharama na kwa mkono wa mtu. Samaki huamka ndani ya maji yale yale kila asubuhi akiwa na njaa.

Wanaodhani hili ni jambo la kubahatisha na watazame visiwani. Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, kimejengwa kwa mawe ya volkano yanayonyonya mvua yote. Mito hakuna, madimbwi ni haba, na watu huishi kwa maji ya mvua waliyoyakinga. Mbu wa malaria walizaliana ndani ya akiba hiyo, katika matangi na katika mabirika ya kutawadhia misikitini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mabirika hayo yaliwekewa gapi, wale samaki wadogo wenye mikia ya rangi wanaofugwa katika vioo vya mapambo. Viluwiluwi vilipungua sana, na vipimo vya watoto vikaonyesha malaria nayo ikishuka. Mwislamu wa Temeke anayeona karaha kuweka samaki katika maji ya kuogea ajue kwamba ndugu zake wa Ngazidja walitawadha maji yenye samaki na sala zao zikaendelea.

Kenya nao wana mfano, tena wa samaki wa kula. Huko Kisii, magharibi mwa nchi hiyo, wakulima walikuwa wameyatelekeza mabwawa ya kufugia samaki yakageuka makazi ya mbu. Watafiti wakarudisha sato katika baadhi yake na kuyaacha mengine yalivyo ili kulinganisha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba baada ya wiki 15 viluwiluwi vya mbu wa malaria vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 94 katika mabwawa yenye samaki. Fundisho la Kisii lina pande mbili. Bwawa lenye sato hulinda watoto na kulisha nyumba. Bwawa la samaki lililotelekezwa ni hatari kuliko kutokuwa na bwawa kabisa.

Sasa ni samaki yupi, wa kuwekwa wapi? Kwa bwawa kubwa la udongo au karo lenye kina, perege ndiye wa kwanza. Mito ya pwani yetu, Ruvu, Wami na Rufiji, ina perege wake wa asili, kwa hiyo mvua kubwa ikifurisha bwawa na samaki wakaponyoka, hawavamii mto kama wageni. Perege wachanga ndio wawindaji hodari wa viluwiluwi; wakikua huelekea zaidi kwenye mimea ya majini. Basi wakubwa wavuliwe waliwe, wadogo waachwe wafanye kazi.

Kwa bwawa dogo la saruji, pipa lililokatwa au shimo la turubai, gapi anatosha. Mdomo wake umeelekea juu, umeumbwa kudonoa kwenye uso wa maji, na hapo ndipo viluwiluwi vinapolazimika kuja kuvuta hewa. Dume hana urefu wa kidole gumba. Jike ni mkubwa zaidi na ndiye mlaji hasa. Hatagi mayai bali huzaa vifaranga hai, na katika maji ya joto huzaa karibu kila mwezi, mara nyingi vifaranga ishirini na kuendelea kwa uzao mmoja. Hahitaji mashine ya hewa, wala hafi kwa sababu maji yamechafuka kidogo. Mwenye kutaka kuamini kwa macho achukue bakuli la maji yenye viluwiluwi, alimimine taratibu mbele ya gapi majike wawili wenye njaa, kisha asimame atazame. Kila kinachopanda juu hudonolewa, na kinachokimbilia chini hufuatwa huko huko.

Watu hushindwa kwa makosa madogo. Maji ya bomba yenye klorini huua samaki, hivyo yaachwe wazi siku moja au mbili kabla ya kuwatia. Majani yakijaa pembeni mwa bwawa viluwiluwi hujificha humo samaki wasifike, kwa hiyo kingo zisafishwe. Yungiyungi zinaweza kubaki, lakini zisifunike bwawa zima. Shimo la turubai lisilo na kivuli liwekewe kipande cha ubao au makuti upande mmoja, jua la saa saba lisichemshe maji. Maji yaliyopuliziwa dawa ya bustani au kumwagiwa mafuta machafu hayafai. Na kosa kubwa kuliko yote ni huruma: samaki anayetupiwa makombo ya ugali asubuhi na jioni hana sababu ya kuwinda mbu. Aachwe na njaa kiasi.

Haki inadai isemwe pia samaki asichoweza. Mwaka 2013 mtandao wa Cochrane, unaochambua tafiti za tiba duniani, ulipitia tafiti za samaki na malaria. Ulikuta kwamba katika baadhi ya mahali samaki walipunguza viluwiluwi, lakini haukupata utafiti uliopima ipasavyo kama wagonjwa wenyewe walipungua. Kwa hiyo yeyote atakayetupa chandarua kwa sababu ana gapi uani atakuwa anacheza na maisha ya watoto wake. Chandarua kibaki, vipimo vya malaria viendelee, na samaki awe nyongeza.

Dengi nayo ina njia zake. Mwaka 2014 iliutikisa mji huu, Kinondoni ikiumia zaidi, na mwaka 2019 ikarudi na wagonjwa zaidi ya 6,000 nchini, wengi wao wa Dar es Salaam. Mbu wake huuma mchana, wakati chandarua kimekunjwa, na huzaliana katika tairi kuukuu, kopo, kifuu na sahani ya chini ya chungu cha maua. Humo samaki hakai. Vitu hivyo vimwagwe na kukaushwa kila wiki, kuta zake zisuguliwe, kwa sababu mayai ya mbu huyu hushika ukingoni na kuvumilia ukavu kwa miezi. Tangi la maji ya kunywa nalo halihitaji samaki. Linahitaji mfuniko unaokaza. Ukitenganisha hivyo, kazi ya samaki inaonekana wazi: ni maji makubwa yaliyo wazi yanayokaa muda mrefu.

Jambo moja lisifanywe hata kwa nia njema. Gapi asimwagwe mtoni wala bondeni, iwe Mpiji, Tegeta, Mzinga au Kizinga. Mwanzoni mwa karne ya 20 samaki wa Marekani aitwaye gambusia alisambazwa duniani ili aangamize mbu; leo yumo katika orodha ya viumbe wageni 100 waharibifu kupindukia, kwa kuwa amewala na kuwafukuza samaki wa asili sehemu nyingi alikofika. Watanzania hawana haja ya kusimuliwa habari za ugenini. Sangara aliingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, na aina nyingi za furu zikapotea. Kunguru wa India aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, na leo hakuna jalala la Dar es Salaam lisilo lake. Gapi akae ndani ya saruji au turubai, mahali ambapo mafuriko hayamfikii.

Kinachosikitisha ni kwamba mabonde haya yana mlinzi wake wa kuzaliwa. Katika madimbwi ya mvua ya pwani ya Tanzania na Unguja wanaishi samaki wadogo ambao wataalamu huwaita nothobranchius. Madume yao yana rangi nyekundu na buluu za kung'aa kiasi kwamba wafugaji wa Ulaya huwatafuta kwa hamu. Dimbwi likikauka wote hufa, lakini mayai hubaki hai ndani ya tope kavu, na mvua ikirudi huanguliwa. Tangu mwaka 1941 iliandikwa katika jarida la udaktari la Afrika Mashariki kwamba samaki hawa ni walaji wa viluwiluwi. Wengine wanaishi katika mabonde ya karibu na jiji hili. Kila tuta la kifusi linalomwagwa katika mabonde hayo ili kupata kiwanja hufukia mayai yao, huku dimbwi jipya lisilo na samaki likizaliwa pembeni.

Halmashauri za Kinondoni na Temeke zina la kufanya lisilohitaji bajeti kubwa. Kila kata iwe na mabwawa machache ya saruji ya kuzalishia vifaranga, katika shule ya msingi au zahanati, ambako mwananchi atapewa samaki wake na kuelekezwa namna ya kumtunza. Kituo cha ukuzaji viumbe maji cha Kingolwira, Morogoro, na chuo cha uvuvi cha Mbegani, Bagamoyo, haviko mbali. Utaalamu wa perege upo. Kibali cha ujenzi kinapotolewa, sharti moja liongezwe: shimo la maji la kujengea liwe na samaki au lifunikwe, na ujenzi ukisimama lifukiwe. Wajumbe wa mashina, wanaojua kila geti na kila mlinzi, waulize habari za shimo hilo wanapopita kuandikisha wakazi.

Mwananchi naye asingoje sharti hilo lipitishwe. Vuli huanza Oktoba. Gapi jike mwenye mimba akiwekwa ndani ya karo mwezi Agosti, mvua za kwanza zitakuta karo lina vifaranga wa uzao wa kwanza na huenda wa pili. Mwenye bwawa la Bunju anayo nafasi ya kumgawia jirani ndoo moja ya vifaranga hao, kwa sababu mbu wa jirani hutua chumbani kwake pia.